Usimuulize 'Kisha?'

Ukipita Mbugangari, hapa Gisenyi, ukauliza nyumba ya Nyirasafari, yeyote atakuonyesha. Ni yule mama mrefu aliyekulia Ngara, upande wa Tanzania, ndiyo maana Kiswahili chake kimenyooka kuliko cha sisi watu wa hapa. Anaishi peke yake. Kazi yake ni kutunza maktaba ya shule moja ya msingi kule chini, karibu na barabara ya ziwa. Mambo yaliyompata aliyasimulia mara moja tu, hayasimulii tena. Wanaosimulia ni wale waliokuwapo, na yeye akiulizwa kama ni kweli huitikia kwa kichwa, kisha anabadilisha mazungumzo.

Watoto wa shule ile walimpenda kwa jambo moja. Mtoto akiingia maktabani, Nyirasafari hakumuuliza yuko darasa la ngapi. Alimuuliza, "Wiki hii ni nini kimekuchekesha?" Au, "Nani amekuudhi?" Akishajibiwa, mkono wake ulikwenda kwenye rafu kama unaojua njia. Aliyegombana na kaka yake alipewa hadithi ya fisi wawili na mfupa mmoja. Aliyeogopa hesabu alipewa kitabu cha msichana aliyefufua redio mbovu. Na mtoto akirudi na kusema amempenda mwandishi fulani, Nyirasafari alifurahi kama aliyeletewa zawadi. "Huyu ana vingine," angemwambia. "Anza na hiki chembamba. Kile kinene kitakusubiri mpaka ukue kidogo."

Kwa wale wagumu alikuwa na mbinu yake. Aliwasomea kurasa za mwanzo, taratibu, kwa sauti ya chini, mpaka pale hadithi inapoanza kuuma. Hapo anafunga kitabu. Mtoto anaruka, "Kisha?" Naye anamkabidhi. "Kisha imo humo ndani. Nenda kaitafute."

Mgumu kuliko wote alikuwa Uwera wa darasa la tano. Mama yake, Nyiraneza, alivuka mpaka wa Petite Barrière kila asubuhi na beseni la karoti na kabichi kwenda kuuza Goma, akarudi jioni. Uwera alimsubiri maktabani, kwenye kiti cha dirishani, macho barabarani. Nyirasafari alimpa kitabu baada ya kitabu. Mtoto alivipokea kwa mikono miwili, kwa adabu, akavirudisha bila kuvifungua.

"Ukisoma, muda utakwenda haraka," Nyirasafari alimwambia siku moja.

"Mi sitaki uende haraka, madame. Nikisoma, mama atapita na sitamuona."

Nyirasafari alikirudisha kitabu rafuni. Alimwacha na dirisha lake.

Ilikuwa Aprili, mwezi ambao huku kwetu nguo hazikauki. Alasiri moja Uwera aliinuka mwenyewe kutoka dirishani, akaja mpaka mezani.

"Madame, nataka kile kitabu."

Moyo wa Nyirasafari uliruka kwa furaha. "Kitabu gani, mwanangu?"

"Kile ule mama wa nyuma alinisomeaka."

"Mama gani wa nyuma?"

Uwera alinyoosha midomo kuelekea mwisho wa chumba. Huko kulikuwa na rafu ya vitabu vya zamani vya Kifaransa ambavyo hakuna aliyeviazima. Kati ya rafu hiyo na ukuta palikuwa na nafasi nyembamba. Ukuta ulipata ufa wakati wa matetemeko ya mlima wa volkano, fundi akaupaka saruji. Mtu mmoja angeweza kukaa pale akijibana. Lakini mlango wa maktaba ulikuwa mmoja tu, na ulikuwa mbele ya meza ya Nyirasafari. Hakuna mama yeyote aliyekuwa ameingia.

Alidhani ni mchezo. "Haya, nihadithie ilivyoanza, labda nitakijua."

Uwera alifumba macho kama anayesoma ndani ya kope zake. "Mama mumoja aliacha binti yake juu ya jiwe, pembeni ya ziwa. Akamuambia, ningojee hapa, naenda ng'ambo kuleta chumvi. Usitoke. Binti akangoja. Maji yakafika kwa vidole. Akangoja. Maji yakafika kwa magoti. Akaangalia ng'ambo, hakuona mutu. Akaangalia chini..."

Mtoto alinyamaza.

"Kisha?" Nyirasafari alijikuta ameuliza.

"Hapo aliachia. Alisema mwisho iko kwake nyumbani."

Nyirasafari alivipitia vitabu vyote, kimoja kimoja, mpaka vidole vikawa vyeusi kwa vumbi. Hakuna hadithi ya binti na jiwe. Kesho yake wasichana wawili wa darasa la tatu walikuja kuulizia kitabu hicho hicho. Walisema maneno yale yale. Hata pale pa kunyamaza palikuwa pale pale. Walipotoka, alikwenda nyuma ya rafu kutazama. Hapakuwa na mtu wala kitu. Ila sakafu ilikuwa imelowa, na siku hiyo mvua ilikuwa bado haijanyesha.

Mwalimu wa Kiswahili pale shuleni alikuwa Latif, mtoto wa mjini, wa ukoo wa mafundi cherehani walioishi Gisenyi vizazi na vizazi. Nyirasafari alimweleza wakati wa chai, akicheka kidogo ili asionekane mjinga. Latif hakucheka. Aliweka kikombe chini.

"Madame, hiyo hadithi nani amekuambia?"

"Watoto."

"Tukiwa batoto, bibi yetu alikuwa anatukataza hata kuitaja." Alishusha sauti, ingawa walikuwa wawili tu. "Alisema hivi. Mutu usiyemujua akikupigia hadithi, akaikatia katikati, we nyamaza. Usimuulize 'kisha?' Mwenye kuuliza amekwisha kukubali kwenda kusikia mwisho."

"Kwenda wapi?"

Latif aligeuza macho dirishani, upande wa ziwa. "Bon. Ni maneno ya bazee, madame." Akainuka. Chai yake aliiacha imejaa.

Nyirasafari hakumwambia kwamba yeye mwenyewe alikuwa ameuliza.

Tangu siku hiyo alimhamisha Uwera, akamweka kwenye kiti kando ya meza yake. Alikwenda kwa mkuu wa shule pia, akamwomba ukuta ule ukarabatiwe na nafasi ile ifungwe. Mkuu alisema fundi atakuja Jumatatu.

Alhamisi mvua ilishuka kwa hasira. Bati lilipiga kelele mpaka watoto wengi wakakimbilia madarasani. Chumba kiliingia giza, umeme ukakatika. Nyirasafari alikuwa akivalisha vitabu vipya karatasi za nailoni, kichwa chini. Alipokiinua, kiti cha Uwera kilikuwa kitupu.

Ndani ya kelele za bati alisikia sauti.

Ilikuwa sauti ya chini, yenye joto. Sauti ya mtu anayejua kuwasomea watoto. Ilipumzika panapostahili. Ilishuka pale msikilizaji anapopaswa kusogea. Ilimchukua muda kutambua kwa nini aliijua vizuri hivyo. Ilikuwa sauti yake.

Alitembea kuelekea nyuma. Alishika rafu, akachungulia.

Uwera alikuwa amechuchumaa, uso umeelekea ukutani. Peke yake. Kichwa amekiinamisha upande, kama mtoto aliyeegemea bega la mtu.

"Kisha?" Uwera alinong'ona.

Sauti ikakatika. Mtoto akageuka, macho yamejaa machozi ya hasira.

"Madame, umemufukuza."

Saruji ya ufa ilikuwa imebanduka, imelala sakafuni vipande vipande. Ufa ulikuwa wazi, upana wa kidole. Kutoka ndani yake, kutoka ndani ya ukuta mkavu wa matofali, ilitoka harufu ya ziwa.

Jioni ile alimngoja Nyiraneza getini, akamweleza kwa maneno machache, akamwomba mtoto asingoje tena maktabani. Nyiraneza alikuwa amechoka, beseni tupu kichwani, kitenge kimelowa mpaka magotini.

"Yoo, madame. Nimuache kwa nani? Nisipovuka hatuli."

"Kesho tu, mama. Vuka siku nyingine."

Nyiraneza alimtazama binti yake, akatazama barabara. "Kesho nitarudi mapema," alisema. "Mi naahidi."

Ijumaa mvua haikunyesha asubuhi. Ukungu ulitanda juu ya ziwa, Goma haikuonekana kabisa, kana kwamba ng'ambo haipo. Masomo yalipoisha Uwera alikuja, akaketi kwenye kiti chake kando ya meza. Alikuwa mtulivu. Alikuwa hata akitabasamu.

Gari la kuleta katoni za vitabu lilipiga honi getini. Nyirasafari alisita. Ndani mlikuwa na wale wasichana wawili wa darasa la tatu, wakichora. Aliwaambia wamwangalie Uwera, akatoka. Alibeba katoni moja tu. Alirudi karibu anakimbia.

Kiti kilikuwa kitupu.

Alikwenda nyuma ya rafu. Hakuna mtu. Alirudi mbele.

"Uwera yuko wapi?"

Wasichana walitazamana. Hawakuelewa swali.

"Madame... si ameenda na we?"

"Na mimi?"

"Ulimushika mukono. Mukapita hapa." Yule mdogo alikunja uso. "Lakini ulikuwa umelowa."

Katoni ilimponyoka. Latif, aliyekuwa akipita varandani, alisikia kishindo akaingia. Nyirasafari alimshika mkono wa koti. "Nenda mpakani. Mtafute Nyiraneza, mlete ziwani. Usiulize kitu, nenda." Latif alikimbia. Yeye alivua viatu vyake vya visigino na kushika njia ya chini.

Mvua ilimkuta barabarani. Ilianza ghafla, nzito. Watu walikuwa wamejibanza chini ya mabaraza ya maduka. Aliwauliza kwa kupiga kelele. Mtoto, sare ya buluu, mmemwona? Mama mmoja muuza parachichi alimtazama kwa mshangao. "Si umepita naye sasa hivi?" Alizidi kukimbia.

Kuna mahali, ukipita nyumba zile kubwa za zamani, ukuta wa bustani moja umebomoka na njia ya miguu inashuka mpaka majini. Hapana mchanga pale. Pana mawe meusi tu. Watu hawafui hapo. Mpaka leo Nyirasafari hajui kwa nini alishuka pale. Alishuka.

Uwera alikuwa majini.

Maji yalimfika kiunoni. Amesimama juu ya kitu, pengine jiwe, kwa sababu pembeni yake kina kilikuwa cheusi. Mgongo ameugeuza nchi kavu, uso ng'ambo. Kichwa kimeinama upande.

Mvua ilipiga ziwa lote. Lilichemka kila mahali, isipokuwa mahali pamoja. Kando ya mtoto, upande wa kushoto, palikuwa na nafasi ambapo matone hayakufika. Nafasi hiyo ilikuwa na mabega. Ilikuwa na kichwa.

Nyirasafari aliingia majini. Baridi ilimkata pumzi. Aliita.

"Madame, usiseme kitu," Uwera alijibu bila kugeuka. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliye nusu usingizini. "Anakaribia mwisho."

Akapiga hatua moja mbele. Maji yakamfika kifuani.

Nyirasafari alijaribu kumfuata na mguu ukagoma. Si kwa woga. Ulikuwa mzito, kana kwamba ziwa limeufunga kamba. Hakuweza kumfikia. Mkononi hakuwa na kitabu, kichwani hakuwa na dua yoyote iliyokamilika. Alikuwa na jambo moja tu alilojua kulifanya.

"Mimi ninaujua mwisho," alisema.

Uwera alisimama.

"Binti alikuwa juu ya jiwe," Nyirasafari alianza. Meno yaligongana, akayakaza. Alitafuta ile sauti yake ya maktabani, ya taratibu, akaipata. "Maji yalifika magotini. Akaangalia ng'ambo. Akamwona mama yake anakuja, na chumvi kichwani. Mama akarudi. Wakaenda nyumbani."

Kando ya mtoto mvua ikajaa tena, na kitu kikagusa bega la Nyirasafari kutoka nyuma.

Mkono. Baridi yake ilipita sweta, ikapita ngozi. Sikioni, karibu kabisa, mtu alinong'ona kwa sauti yake mwenyewe:

"Uongo."

Uwera alipiga hatua nyingine. Maji yakamfika kidevuni.

Nyirasafari hakugeuka. Alijua kwamba akigeuka, yamekwisha. Alifumba macho, na gizani humo hakuona ziwa. Aliona mlango wa duka moja huko Ngara. Baba yake alimketisha pale akiwa na miaka kama ya Uwera, akapanda lori la kahawa, akamwambia asitoke, anarudi jioni. Mpaka siku ile hakuwa amemsimulia mtu jambo hilo. Hata kwa mumewe, Mungu amrehemu, hakulisimulia.

"Mama hakurudi," alisema.

Mvua ilikuwa kama imesogea mbali.

"Alingoja, naye mama hakurudi. Alilia. Maji yakafika kifuani. Alidhani akitoka kwenye jiwe, ndiyo kosa, mama atakuja asimkute. Akazidi kungoja. Halafu akaona kwamba kungoja kwake hakumvuti mtu. Akainua mguu mmoja. Ulikuwa mzito sana. Akainua wa pili. Akapanda kilimani, amelowa, akibisha milango. Mlango mmoja haukufunguliwa. Mwingine haukufunguliwa. Mwingine tena, mwanamke alifungua. Akamwambia, umelowa, mwanangu, ingia. Akampa uji. Binti alikunywa, akalala. Asubuhi ilipofika alikuwa hai. Huo ndio mwisho."

Alifungua macho. Uwera alikuwa amegeuka. Alikuwa anamtazama, akitetemeka, uso wa mtoto aliyeamshwa mahali asipopajua. "Madame," alilia. "Madame, niko wapi?"

Miguu ya Nyirasafari ikafunguka. Alimfikia, akamkumbatia.

Mkono ulikuwa bado begani. Sasa ndipo alipohisi vizuri ukubwa wake. Ulikuwa mdogo. Mdogo mno kwa mwanamke mzima. Na nyuma yake, si kwa sauti yake tena bali kwa sauti nyembamba ya mtoto aliyekaa muda mrefu bila kusema, kile kitu kikauliza:

"Kisha?"

Nyirasafari alihisi machozi yakichanganyika na mvua. Alimkumbuka bibi wa Latif. Mwenye kuuliza amekwisha kukubali kwenda. Angeweza kunyamaza. Hakunyamaza.

"Kisha ni wewe," alisema. "Toka kwenye jiwe. Panda. Kabishe hodi."

Mkono ukaondoka.

Alikisikia kile kitu kikitoka majini. Hatua ndogo, nyepesi, juu ya mawe. Alipothubutu kugeuza kichwa, aliona mvua ikiachana katikati ya ile njia ya miguu, kimo cha mtoto. Ilipita kwenye ukuta uliobomoka. Ikapanda kuelekea kwenye nyumba za watu.

Latif na Nyiraneza, walioelekezwa na yule muuza parachichi, waliwakuta wamekaa kwenye mawe. Nyiraneza alilitupa beseni, akamshika mwanawe uso, mikono, miguu, kama anayehakikisha hakuna kipande kilichobaki majini. "Mana yanjye," alirudia kumwita Mungu wake. "Mana yanjye we." Latif alivua koti lake akawafunika. Baadaye, kwa walimu wenzake, alieleza kwamba labda ni mazuku, ile hewa mbaya inayotoka ardhini sehemu za mabondeni, humlevya mtu akaota akiwa macho. Alilieleza vizuri sana. Lakini pale ziwani, alipomsaidia Nyirasafari kuinuka, aliona begani mwake alama ya kiganja kidogo, akaondoa mkono haraka.

Uwera hakukumbuka kitu ila baridi. Mama yake alikaa naye nyumbani, hakuvuka.

Kesho yake ilikuwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya umuganda, kazi ya pamoja ya mtaa, na Mbugangari yote ilitoka na majembe kuzibua mifereji. Jua lilikuwa limewaka tangu asubuhi. Nyirasafari alitoka pia, ingawa mwili ulimuuma. Huko mferejini ndiko alikosikia watu wakiongea.

Mzee mmoja aliyeishi karibu na barabara ya ziwa alisema ameamka akakuta alama ya kiganja cha maji kwenye mlango wake. Kidogo, cha mtoto. Mwingine akasema na kwake ipo. Jirani wa chini kidogo akasema hata yeye, na alipoifuta ilirudi. Wakacheka, wakawalaumu watoto wa siku hizi. Kijana mmoja aliyetembea mtaa mzima asubuhi alisema alama zinaanzia kule chini na kupanda, nyumba kwa nyumba, mpaka huku Mbugangari.

"Zinaishia wapi?" Nyirasafari aliuliza.

Kijana alionyesha kwa jembe. Nyumba ya mwisho yenye alama ilikuwa ya jirani wa Nyirasafari, ukuta kwa ukuta.

Nyirasafari aliacha jembe lake pale mferejini. Alitembea mpaka kwake, taratibu, akasimama mbele ya mlango wake. Aliukagua kuanzia juu mpaka chini. Ulikuwa mkavu. Hapakuwa na alama yoyote. Alipitisha kiganja chake juu ya mbao, akashusha pumzi, akaingia.

Akafunga mlango nyuma yake, akageuka kuweka komeo.

Kiganja kilikuwa pale, usawa wa kiuno chake, vidole vyote vitano vimetandazwa. Kilikuwa upande wa ndani, na maji yalikuwa bado yanachuruzika.